Mafua yanapungua, siku ya sita homa inarudi na kichomi: anayeua ni kirusi au bakteria?

#1 Kapteni wa Zamu
Wakuu, habari za jioni. Nina hoja, tuijadili kwa ushahidi.

Mgonjwa wa influenza anaanza na homa kali, mwili kuuma na kikohozi kikavu. Siku ya nne au ya tano anachangamka, anaomba uji, homa imeshuka. Kati ya siku ya sita na ya kumi homa inapanda upya na baridi ya kutetemesha, anatoa makohozi ya njano au yenye rangi ya kutu, na ubavu unachoma kila akivuta pumzi. Watu wanasema mafua yamemrudia. Siyo kweli. Hiyo ni nimonia ya bakteria iliyoingia baada ya kirusi kufungua njia.

Tena hata janga la 1918 wengi hawakufa kwa kirusi chenyewe. Mwaka 2008 Morens, Taubenberger na Fauci wa Marekani walichunguza maiti 8,398 za wakati ule, na bakteria walikuwepo karibu kote. Maswali yangu ni mawili. Kwa nini bakteria wasubiri wiki nzima? Na kwa nini mgonjwa wa namna hii bado anaondoka zahanati na dawa ya maji ya kikohozi tu?

#2 Chai ya Rangi
Naweka kambi hapa.

#3 Mzee wa Kumbukumbu
Kapteni, hoja nzuri ila takwimu umeichapia. Hawakuchunguza maiti 8,398. Walichukua vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa kutoka kwa marehemu 58 na kuvitazama kwa hadubini. Hao 8,398 wanatoka kwenye ripoti 109 za uchunguzi wa maiti zilizochapishwa na madaktari wa zama hizo; wao walizisoma na kuzijumlisha. Tofauti hiyo ni kubwa, maana ripoti za 1918 ziliandikwa na watu waliokuwa wanatafuta bakteria na hawakuwa na uwezo wa kuona kirusi.

Hata hivyo mapafu yale 58 yanaiunga mkono hoja yako. Na muda wa kati tangu mtu aanze kuumwa hadi kufa ulikuwa siku 7 mpaka 10, ambao ndio ule wa nimonia ya nimokokasi, bakteria mkuu wa nimonia, isiyotibiwa.

#4 Panya wa Maabara
Swali la wiki nzima lina jibu la panya. McCullers na wenzake kule Memphis walionyesha mwaka 2002 kwamba panya akipewa influenza kwa kiasi kisichoua, halafu siku ya saba akapewa nimokokasi kwa kiasi kisichoua, wanakufa wote. Ukigeuza mpangilio, bakteria watangulie na kirusi kifuate, vifo vinapungua badala ya kuongezeka. Kwa hiyo siyo suala la magonjwa mawili kujumlishwa. Mpangilio na muda ndivyo vinavyoua.

Maelezo yao: kirusi kina kimeng'enya kiitwacho neuraminidasi, kinachokata asidi sialiki juu ya seli za njia ya hewa. Ikishakatwa, sehemu ambazo nimokokasi hujishikiza zinabaki wazi. Ushahidi wao ni kwamba oseltamiviri, dawa inayozuia kimeng'enya hicho, iliwaokoa panya wengi hata ilipochelewa, wakati haimuui bakteria hata mmoja.

#5 Nesi Mkongwe
Mnazunguka mbali. Njia ya hewa ina vinyweleo vinavyosukuma kamasi na uchafu kwenda juu muda wote. Influenza inaua seli zenye vinyweleo hivyo na utando unabanduka. Kilichoko puani na kooni kinateremka mapafuni wala hakuna wa kukirudisha. Watoto wetu nusu au zaidi wanatembea na nimokokasi puani bila kuumwa. Hakuna anayehitaji kuambukizwa upya, bakteria ni wa kwake mwenyewe.

#6 Kinga Tu
Nesi heshima yako, lakini maelezo hayo hayatoi jibu la Kapteni. Utando unabanduka siku mbili tatu za kwanza. Kama tatizo lingekuwa vinyweleo peke yake, nimonia ingekuja siku ya tatu. Na ukarabati unachukua wiki kadhaa, hivyo hatari ingetakiwa idumu mwezi. Kiuhalisia inakuwa kali kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, kisha inashuka.

Kinachofanana na tarehe hizo ni kinga ya mwili. Siku ya sita mpaka ya nane ndipo seli T, askari wa kinga, zinafika mapafuni kumaliza kirusi, zikimwaga interferoni gama, kemikali ya kuamsha kinga. Sun na Metzger walionyesha mwaka 2008 kwamba interferoni hiyo inawapunguzia makrofeji wa mapafuni (seli zinazomeza vijidudu) kipokezi kiitwacho MARCO, ambacho wanakitumia kumshika bakteria. Makrofeji yupo ila mikono imefungwa. Ongeza interferoni za kundi la kwanza, ambazo zinapunguza mwito wa chembe nyeupe aina ya nyutrofili. Silaha za kummaliza kirusi ndizo zinazomwachia bakteria mlango.

#7 Nesi Mkongwe
@Kinga Tu nimekuelewa, ila umemjibu nimokokasi tu. Stafilokokasi, bakteria wa majipu, je? Huyo hasubiri siku ya saba. Anaweza kuingia siku ya pili au ya tatu, pamoja na kirusi, na kijana mwenye afya akafa ndani ya siku mbili.

#8 Kinga Tu
Kweli. Kwa stafilokokasi kinachotajwa zaidi ni njia ya interlukini 17 (kemikali nyingine ya kinga) kubanwa na interferoni za kundi la kwanza, na hizo zinatoka mapema, siku za mwanzo. Bakteria tofauti, dirisha tofauti.

#9 Mzee wa Kumbukumbu
Hapo kwenye stafilokokasi historia ipo. Kambi ya jeshi ya Jackson, Carolina Kusini: Chickering na Park waliandika mwaka 1919 juu ya askari waliokufa kwa stafilokokasi baada ya mafua. Kambi nyingine ilikuwa streptokokasi, nyingine nimokokasi. Kila kambi na bakteria wake mkuu. Ndiyo maana wapo wanaosema maelezo makubwa siyo seli wala kimeng'enya, ni msongamano: vijana kutoka vijiji mbalimbali wanawekwa bweni moja, kila mmoja anagawa wa puani kwake kwa wenzake ambao hawajawahi kukutana na aina hiyo.

Huku kwetu mafua yalishuka Mombasa mwaka 1918 na kupanda na reli ya Uganda. Askari na wapagazi wa vita vya Wajerumani na Waingereza walikuwa katika hali hiyo hiyo ya kusongamana, njaa na uchovu. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilishaingiwa na ugonjwa kabla ya kuweka silaha chini kule Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918.

#10 Mbishi wa Pwani
Sasa mbona mnakubaliana haraka hivyo? Bakteria hawaelezi kwa nini 1918 ilichukua watu wa miaka 20 mpaka 40. Nimokokasi kwa kawaida anachukua watoto wachanga na wazee. Na kuna jaribio la Kobasa, 2007: nyani wa maabara waliopewa kirusi cha 1918 kilichotengenezwa upya waliharibika mapafu vibaya bila bakteria yeyote kuongezwa. Kirusi kile kilitosha chenyewe.

Halafu hamjagusa aspirini. Karen Starko aliandika mwaka 2009 kwamba madaktari wa Marekani walikuwa wanatoa gramu 8 hadi 31 kwa siku. Kwa kiwango hicho mgonjwa anahema haraka na mapafu yanajaa maji kwa sumu ya dawa.

#11 Mzee wa Kumbukumbu
Aspirini inaweza kueleza baadhi ya vifo vya siku tatu za kwanza Marekani. Mwanakijiji wa Bara Hindi au wa nyanda zetu aliyekufa bila kuona kidonge chochote huwezi kumweka humo.

#12 Mbishi wa Pwani
Sikusema inaeleza wote. Nimesema isifichwe. Na umri je? Mbona umeuruka?

#13 Panya wa Maabara
Umri hata mimi sina jibu la moja kwa moja. Wapo wanaosema vijana wale walifundishwa kinga yao utotoni na kirusi cha aina nyingine. Noymer na Garenne walitaja kifua kikuu: wenye TB, ambao wengi ni watu wazima vijana, ndio waliotangulia. Yote mawili yanaweza kuwa sawa na bado mwisho wa safari ukawa nimokokasi.

Kwa karne hii tazameni 2009. Taasisi ya CDC ya Marekani ilipima mapafu ya marehemu 77 wa H1N1, mafua ya nguruwe. 22 walikuwa na bakteria, yaani asilimia 29. Kumi kati yao nimokokasi, saba stafilokokasi. Siyo "karibu wote" kama 1918. Ila kumbukeni wengi siku hizi wanafika kwenye meza hiyo wakiwa tayari wamemeza viuavijasumu, na bakteria aliyeuawa na dawa haonekani kirahisi.

#14 Mfamasia wa Kona
Historia tamu, sasa turudi kwenye kaunta. Kapteni aliuliza kwa nini mgonjwa anaondoka na dawa ya kikohozi. Nyongeza: akipewa amoksilini, watu husema ni kiasi cha kumchezea bakteria. Tupige hesabu.

Mtoto wa kilo 9. Kiwango cha nimonia ni miligramu 40 kwa kila kilo kwa siku, yaani 360, unagawa mara tatu. Dukani anaandikiwa kijiko kimoja cha mililita 5 kutwa mara tatu, dawa ya 125 kwa mililita 5. Hiyo ni miligramu 375. Inatosha.

#15 Bi. Dozi
@Mfamasia wa Kona simama hapo hapo, haitoshi! Miligramu 40 kwa kilo ni kwa kila dozi, mara mbili kwa siku. Jumla ni 80 kwa kilo kwa siku. Hicho unachokitaja ni kiwango cha zamani. Mtoto wako wa kilo 9 anahitaji miligramu 360 asubuhi na 360 jioni, jumla 720. Ukimpa 375 umempa nusu.

Na hesabu ya chupa watu hawaifanyi. Miligramu 360 kwa dawa ya 125/5 ni mililita 14.4 kwa mara moja. Siku tano ni dozi kumi, mililita 144. Chupa ya mililita 100 inaisha kwenye dozi ya saba kabla haijajaa. Kwa hiyo mama akisema "dawa imeisha siku ya nne" hajamwaga, hesabu yetu ndiyo mbovu. Toa chupa mbili, au vidonge vya 250 vinavyoyeyuka kwenye maji, kama bango la dozi linavyoelekeza: kilo 4 hadi chini ya 10 kidonge kimoja, kilo 10 hadi chini ya 14 viwili, kilo 14 hadi 19 vitatu, asubuhi na jioni, siku tano.

#16 Mfamasia wa Kona
Nimepokea. Lakini bango hilo nalo lina tundu. Kidonge kimoja kwa mtoto wa kilo 4 ni miligramu 62 kwa kilo. Kwa mtoto wa kilo 9 na nusu ni 26 tu. Huyo wa mwisho ndiye yule yule uliyesema anahitaji 40!

#17 Bi. Dozi
Sibishi. Bango limetengenezwa ili mhudumu asiye na kikokotoo asikosee sana. Ukiwa na mizani inayofanya kazi, piga hesabu kwa kilo. Kidonge na nusu kwa kilo 9 hakina ubaya wowote.

#18 Clinician Kilifi
Kutoka huku Kenya, niongezee kuhusu kumtambua. Hesabu pumzi dakika nzima kwa saa, mtoto akiwa ametulia, nguo imefunuliwa kifua na tumbo vionekane. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne. Mtoto anapumua kwa mafungu. Chini ya miezi 2: 60 na zaidi. Miezi 2 mpaka 11: 50. Mwaka mmoja mpaka kabla ya mitano: 40. Homa nayo inaongeza pumzi, hivyo kama ana nyuzi 39.5 mpe parasetamoli, hesabu tena ikishuka, ila usimrudishe nyumbani kwa sababu hiyo tu.

Kifua kubonyea ndani siku hizi peke yake kinatibiwa nyumbani kwa amoksilini, isipokuwa ana VVU au dalili ya hatari. Dalili za hatari ni hizi: hanywi wala hanyonyi, anatapika kila kitu, degedege, amelegea au hazinduki, anakoroma kwa kuvuta pumzi hata akitulia, oksijeni chini ya 90. Ukiona moja, siyo wa nyumbani.

#19 Nesi Mkongwe
Hapo kwenye kubonyea kifua sikubaliani na mwongozo wenyewe, siyo na wewe. Majaribio yaliyoleta ruhusa hiyo yalikuwa na watu wa kumfuatilia mtoto. Mama anayeishi saa tatu kwa miguu kutoka zahanati, na mtoto aliyetoka tu kwenye mafua makali, namlaza.

#20 Clinician Kilifi
Na kitanda kikiwa hakuna?

#21 Nesi Mkongwe
Analala na mwenzake. Hapo Mzee wa Kumbukumbu atasema nimetengeneza kambi ya Jackson, najua.

#22 Mzee wa Kumbukumbu
😂😂 Umewahi kabla sijaandika.

#23 Kapteni wa Zamu
Asanteni. Tumalize la dawa kwa watu wazima, maana huko ndiko kuna vurugu.

#24 Bi. Dozi
Mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, anayeweza kwenda nyumbani: amoksilini gramu 1 kila baada ya saa 8, angalau siku tano. Vidonge viwili vya 250 kutwa mara tatu ni mabaki ya zamani.

Anayelazwa na anayetuhumiwa stafilokokasi: kloksasilini lazima iwemo. Wengi wanakimbilia seftriaksoni wakidhani inamaliza kila kitu. Kwa nimokokasi na hemofilasi (bakteria mwingine wa njia ya hewa) ni nzuri sana. Kwa stafilokokasi ni dhaifu, na kwa stafilokokasi sugu wa methisilini haifanyi kitu. Utamtambuaje? Anaenda mbio. Anakohoa damu. Chembe nyeupe zimeshuka badala ya kupanda. Picha ya kifua ina mashimo au vipovu vya hewa. Ana majipu au kidonda cha usaha kwenye ngozi.

Mtoto mahututi: ampisilini miligramu 50 kwa kilo kila saa 6 pamoja na jentamisini 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku. Ukihisi stafilokokasi, ampisilini inatoka, kloksasilini 50 kwa kilo kila saa 6 inaingia.

Zisizosaidia hapa: metronidazoli, haimgusi nimokokasi. Sipro, ni dhaifu kwake. Septrin, usugu ni mwingi mno, ibaki kwa kinga ya wenye VVU na ile nimonia yao maalumu. Na levofloksasini msiirushe ovyo: inampa nafuu mwenye TB kwa wiki mbili halafu vipimo vinachelewa.

#25 Panya wa Maabara
Nitie utata kidogo. Dawa za jamii ya penisilini zinampasua bakteria, na vipande vyake vinaongeza moto kwenye pafu ambalo kirusi kimeshaliunguza. Mwaka 2009 kundi lile lile la Memphis lilitibu panya wenye nimonia ya baada ya influenza: ampisilini iliokoa asilimia 56, klindamisini inayozuia tu bakteria kutengeneza protini iliokoa 82.

#26 Bi. Dozi
Panya tena! Mletee mgonjwa wangu klindamisini ya panya basi. Kwa binadamu hakuna ushahidi wa kuniondoa kwenye penisilini kwa nimokokasi. Kwa stafilokokasi mwenye sumu kali, kuongeza klindamisini ili kuzima utengenezaji wa sumu, hapo tuko pamoja.

#27 Mbishi wa Pwani
Kama tatizo ni moto, si mpeni deksamethasoni, steroidi ya kupoza uvimbe, yaishe?

#28 Kinga Tu
Hapana. Kwa influenza steroidi zimeambatana na vifo vingi zaidi na maambukizi ya bakteria zaidi kwenye tafiti za ufuatiliaji. Utaniambia kuhusu jaribio la Ufaransa la 2023, CAPE COD, haidrokotisoni miligramu 200 kwa siku ikapunguza vifo vya nimonia kali. Soma vigezo vyao: wagonjwa wa influenza waliondolewa tangu mwanzo. Huwezi kuchukua jibu lao ukalibandika hapa.

#29 Mbishi wa Pwani
Tafiti za ufuatiliaji ndizo zinazowapa steroidi waliokuwa mahututi tayari. Lazima wafe zaidi. Hilo nalo ulijue.

#30 Kinga Tu
Nalijua. Ndiyo maana nikasema "zimeambatana", sikusema "zimesababisha". Lakini mpaka jaribio lije, simpi.

#31 Clinician Kilifi
Oseltamiviri haijapewa haki yake. Kwa mgonjwa aliyelazwa, miligramu 75 mara mbili kwa siku, siku tano, hata kama saa 48 zimepita, pamoja na kiuavijasumu. Shida yetu ni kwamba maduka mengi hayana, na ikipatikana bei yake inamtoa mtu machozi.

Kuhusu chanjo: watu wanafikiri chanjo ya nimokokasi haina uhusiano na virusi. Soweto, Afrika Kusini, Madhi na Klugman walitoa jibu mwaka 2004. Watoto waliopata chanjo ya nimokokasi ya aina tisa walilazwa kwa nimonia zenye virusi pungufu kwa asilimia 31. Chanjo ile haijui kirusi ni nini. Maana yake sehemu ya nimonia tulizokuwa tunaziita za virusi zilikuwa na nimokokasi ndani. Hapa Kilifi, baada ya PCV10, chanjo ya nimokokasi ya aina kumi, kuanza 2011, ugonjwa mkali wa aina zilizomo kwenye chanjo ulishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14, msiruke.

#32 Nesi Mkongwe
Sawa, ila kwa hemofilasi, iliyomo kwenye pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano) ni ya aina b. Wanaokuja baada ya mafua mara nyingi ni hemofilasi wasio na ganda, hao chanjo hiyo haiwagusi. Na stafilokokasi hana chanjo kabisa. Chanjo ya mafua yenyewe haimo kwenye ratiba ya watoto, na ndiyo ingekata mti kwenye shina.

#33 Chai ya Rangi
Swali la pembeni wakuu. Pfeiffer ndiye aliyegundua kirusi cha mafua 1918?

#34 Mzee wa Kumbukumbu
Hapana. Richard Pfeiffer, Mjerumani, mwaka 1892, alimkuta bakteria kwenye makohozi ya wagonjwa wa mafua akatangaza ndiye chanzo. Ndiyo maana mpaka leo bakteria anaitwa *Haemophilus influenzae* wakati hasababishi influenza. Mwaka 1918 maabara nyingi zilimtafuta, nyingine hazikumpata, zikalaumiana. Shope alipata kirusi cha nguruwe 1931, na kwa nguruwe aliona ugonjwa mkali unahitaji kirusi na bakteria kwa pamoja. Cha binadamu kilipatikana Uingereza 1933, Smith, Andrewes na Laidlaw, kwa kutumia vicheche wa kufugwa. Kichekesho ni kwamba Fleming alipopata penisilini, kazi ya kwanza aliyoipa ni kuua bakteria wengine kwenye sahani ili abaki yule wa Pfeiffer, ambaye ukungu ule haukumuua.

#35 Maabara Kwanza
Nimesoma uzi wote, mnabishana bakteria gani ila hakuna aliyetaja sampuli! Damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza ya dawa. Mtu mzima mililita 8 mpaka 10 kwa kila chupa, chupa mbili za mikono tofauti. Mtoto mililita 1 mpaka 3. Chupa haziendi kwenye friji, nimokokasi anakufa.

Makohozi: chini ya lenzi ndogo nataka seli za kinywa zisizidi 10 na chembe za usaha zaidi ya 25. Zikigeuka, mmeniletea mate, narudisha. Nikiona wawili wawili wenye umbo la mkuki, nimokokasi. Mafungu kama zabibu, stafilokokasi. Simu inapigwa wodini saa hiyo hiyo, hatusubiri kuotesha.

Kwenye sahani ya kuoteshea: nimokokasi anataka hewa yenye kaboni dayoksaidi. Kama hakuna kabati lake, mtungi wenye mshumaa mweupe usio na manukato unatosha. Diski ya optokini, dawa ya kumtambua nimokokasi, ya milimita 6: eneo safi la milimita 14 na zaidi. Usimwache siku tatu, anajiyeyusha mwenyewe halafu unaandika "hakuna kilichoota".

#36 Mbishi wa Pwani
Na mnaotumia damu ya benki iliyoisha muda kutengeneza sahani? Semeni ukweli.

#37 Maabara Kwanza
Hapo umegusa kidonda. Damu ya binadamu ina kingamwili, ina kizuia-kuganda, pengine ina dawa alizomeza mchangiaji. Nimokokasi anaota kwa shida na huoni vizuri anavyobadilisha rangi ya damu. Nusu ya "hakuna kilichoota" inatoka huko, nusu nyingine kwenye dawa zilizotangulia.

Kondoo mmoja anatosha. Damu inatikiswa na shanga za kioo ili isigande, mililita 50 kwa kila lita ya sahani, agari (rojo ya kuoteshea) ikiwa imepoa hadi nyuzi 45 mpaka 50. Ukimwaga ikiwa ya moto zaidi inakuwa kahawia. Hiyo mpe hemofilasi.

#38 Bi. Dozi
Kondoo ataandikwa kwenye bajeti gani? "Vifaa tiba"?

#39 Maabara Kwanza
Andika "malighafi". Mkaguzi akija, kondoo yupo nyuma ya jengo anakula majani.

#40 Kapteni wa Zamu
Turudi mezani kabla hamjamchinja. Mgonjwa yuko kwenye kloksasilini na jentamisini, saa 48 zimepita, homa haijashuka, upande mmoja ukigonga unalia kama gogo na pumzi hazisikiki chini. Nabadilisha dawa?

#41 Nesi Mkongwe
Usibadilishe dawa, tafuta usaha. Picha ya kifua au altrasaundi, kisha sindano. Ukitoka usaha ni mrija: nafasi ya tano ya mbavu, mstari wa katikati ya kwapa, ukipita juu ya ukingo wa juu wa ubavu wa chini, maana mishipa inapita chini ya kila ubavu. Mrija mnene. Mwembamba unaziba kwa usaha wa stafilokokasi siku ile ile.

#42 Clinician Kilifi
Naongeza: oksimita (kipima oksijeni cha kidoleni) ikisoma 92 kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi usistarehe. Utafiti wa Sjoding, 2020, ulionyesha kifaa kinakosa kuonyesha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kama anahema na pua zinatanuka, mwekee oksijeni, namba isikuzuie. Futa rangi ya kucha kwanza, na mkono uwe na joto.

#43 Mbishi wa Pwani
Sawa, lakini hakuna aliyejibu kwa nini miaka 20 mpaka 40.

#44 Panya wa Maabara
Fungua uzi wake. Huu ushajaa usaha.

#45 Maabara Kwanza
Na huo usaha wa Kapteni niletewe kwenye bomba la sindano, hewa imetolewa, ndani ya saa mbili. Msinipake kwenye pamba.